Mpanzi Aliyefuata Nyuma

Fundi Tela alikuwa mtu wa vitu vinavyofuata nyuma. Wenzake katika mtaa wa mafundi walitengeneza vitu vinavyosimama peke yavyo: mageti, madirisha, vitanda. Yeye alitengeneza vitu ambavyo visipovutwa haviendi popote. Mbele ya karakana yake lilikaa trekta dogo la bustani, jekundu, kiti chake kimeshonwa kwa gunia, na nyuma ya trekta hilo ukoo mzima wa vyuma ulisubiri zamu ya kufungwa kwenye pini na kuvutwa.

Kulikuwa na Kichana, haro ya meno marefu ya kupasua udongo na kuulainisha. Kulikuwa na Nungunungu, pipa lililojaa misumari ya kutoboa nyasi zilizobanwa, ili hewa na maji vifike mizizini. Kulikuwa na Mama Mnene, rola ya kushindilia, ambayo ukiijaza maji inaguna kama mtu aliyeshiba. Na kulikuwa na Mpanzi, kipenzi cha moyo wake. Mpanzi alikuwa beseni kubwa la bati lenye kifuniko, limekaa juu ya magurudumu mawili, na chini yake sahani ya chuma inayozungushwa na magurudumu hayo hayo. Ukikandamiza wenzo, kilango cha beseni kinafunguka. Ukivuta, sahani inazunguka na kurusha mbegu kulia na kushoto, kama mama anayewarushia kuku mtama. Kazi safi kabisa.

"Fundi," majirani walikuwa wakimtania, "unavuta kila kitu. Wewe mwenyewe nani atakuvuta?"

Walisema hivyo kwa sababu alikuwa amevuka hamsini na hajaoa. Naye alikuwa akicheka nao na kurudi kwenye vyuma vyake, mpaka mwaka ule alipoitwa kwenye shule ya watoto wadogo, upande wa pili wa mji, kwenda kuunga mnyororo wa bembea.

Mwalimu mkuu wa shule ile alikuwa mjane, mtu wa kicheko cha karibu na macho yasiyodanganyika. Fundi akaunga mnyororo. Kesho yake akarudi kuangalia kama kiungo kimeshika. Keshokutwa akarudi kuangalia kama kiungo bado kimeshika. Wiki iliyofuata alikuja na kopo la grisi ambalo hakuna aliyeliagiza.

"Fundi," Mwalimu akamwambia, mikono yake myeupe kwa chaki, "hicho kiungo kimeshika mpaka kinakuonea aibu. Sema kilichokuleta."

Basi akasema. Hakusema vizuri, maana maneno hayakuwa kazi yake, lakini alisema yote, kofia mkononi, akiitazama bembea badala ya kumtazama yeye. Alipofika katikati, mtoto mmoja aliyekuwa akikimbizana na wenzake aliteleza kwenye kokoto za ule uwanja, akachubuka goti, akaangua kilio. Mwalimu akamwinua, akamsafisha, akampuliza goti. Kisha akamgeukia Fundi.

"Unaona? Kila siku ya Mungu wananiangukia kwenye kokoto. Udongo wenyewe mgumu kama sakafu, hauoti hata gugu. Wewe ni mtu wa nyasi. Siku mtoto wangu atakapoanguka hapa na kuinuka anacheka, siku hiyo nitakupa jibu."

"Jibu gani, Mwalimu?"

"Nimesema jibu. Sikusema la namna gani. Nenda."

Fundi alirudi nyumbani kwa miguu, akiwa amelisahau trekta nje ya shule.

Tangu siku hiyo alikuwa na jambo moja tu duniani. Aliagiza mbegu za nyasi laini, zile zinazotambaa na kufunga udongo, kwa mkulima wa mbali, akazisubiri mpaka majirani wakachoka kuulizwa kama wameona gari la mizigo. Zilipofika, mkulima alituma na salamu: hizi ndizo za mwisho mpaka msimu ujao. Fundi akazimimina zote ndani ya beseni la Mpanzi, akafunika. Mawingu yalikuwa yameanza kukaa pale mvua hutokea. Akapiga magoti kwenye sakafu ya karakana, kati ya vipande vya nondo, akaomba: "Mungu wangu, unanijua. Mimi sina maneno, nina vyuma. Basi vyuma hivi viniombee kwa yule mama. Amina."

Asubuhi ya safari alikuja dada yake mkubwa, aliyemlea tangu wazazi wao walipoitwa na Mola. Alivaa gauni lake la kutokea, kilemba kimesimama, na kwapani ana mkoba ambao ukoo wote uliuheshimu kwa uzito wake. Mle ndani mlikaa kitabu cha sala, kitabu cha nyimbo chenye jalada gumu, mwavuli, chupa ya maji na viatu vya akiba, maana mtu hajui siku wala saa ambayo kiatu kitakatika.

"Huendi popote bila maombi," alisema.

"Dada, nimeshaomba."

"Umeomba wewe. Mimi bado. Hebu lete mikono."

Msafara ulikuwa tayari: mbele trekta, nyuma yake tela bapa lililobeba Kichana na Mama Mnene, juu ya tela kiti cha plastiki cha Dada, na mwisho kabisa, akivutwa kwa pini yake mwenyewe, Mpanzi. Nungunungu alibaki nyumbani, maana hakukuwa na nyasi za kutoboa. Dada alitaka kumshika ndugu yake mikono yote miwili, mkoba ukawa unamzuia. Akatazama huku na huku, asiuweke chini kwenye mafuta. Akaona kijiti kizuri cha chuma kimejitokeza ubavuni mwa lile beseni la nyuma, akautundika hapo. Ukakaa vizuri kana kwamba kijiti kilitengenezwa kwa ajili yake.

Kisha akafumba macho na kuomba. Aliombea trekta, akaombea tairi moja moja, akaombea udongo, akaombea mvua, akamwombea Mwalimu moyo laini, na ndugu yake ulimi. Aliposema amina, machozi yalikuwa yamemlowesha, naye akapanda kwenye kiti chake bila kukumbuka mkoba. Na kijiti kile, msomaji, ndicho kilichokuwa wenzo wa Mpanzi.

Trekta likanguruma. Wakatoka.

Fundi hakuwahi kuona mji wenye upendo kama ule wa asubuhi hiyo! Hawakufika hata kona ya kwanza, kinyozi akatoka mbio kibandani, wembe mkononi, mteja wake nyuma amenyolewa nusu kichwa, wote wawili wakipunga mikono na kupaza sauti. Injini ilikuwa na kelele za kumziba mtu masikio. Fundi akavua kofia na kuwapungia.

"Wanasemaje?" akauliza kwa sauti kubwa.

"Wanatubariki!" Dada alijibu, naye akawapungia kama malkia.

Mama muuza chai akasimama katikati ya barabara, akionyesha kwa upawa nyuma ya msafara. Dada akamwinamia kichwa kwa adabu. Watu walitoka madukani wakionyesha vidole. Watoto wakakimbia kando, wakiinama na kuinuka. Na kuku! Kuku walitoka katika kila ua, wakapanga mstari nyuma ya Mpanzi, majogoo kwa vifaranga, wakidonoa wakienda kama waumini nyuma ya kwaya. Njiwa walishuka kutoka mapaani kwa makundi.

"Angalia, Dada!" Fundi alitupa jicho begani, akaona manyoya tu na vumbi. "Hata ndege wameitika!"

"Nilikwambia maombi yangu hayaendi bure!"

Wakafika kwenye tangi la maji, ile njia panda ambayo ukikata kulia unaona lango la shule. Hapo moyo wa Fundi ulishuka mpaka kwenye klachi. Alisahau kila alichotaka kusema. Badala ya kukata kulia, akalizunguka tangi.

"Mbona tunazunguka?" Dada akauliza.

"Napasha moto injini."

Akazunguka tena.

"Si imeshapata moto? Inanichoma miguu hapa!"

"Nasikiliza tairi."

Akazunguka tena, na tena, kuku nyuma wakishindwa kujua wa kwanza ni nani na wa mwisho ni nani.

"Mdogo wangu," Dada alisema, akishika kilemba, "zunguka tena, na mimi nashuka, naenda kwa huyo mama kukuposea mwenyewe, na nitamweleza ulivyokuwa ukikojoa kitandani."

Fundi akakata kulia.

Shuleni walipokewa kwa vifijo. Fundi akafunga Kichana kwenye pini, akashusha meno yake, akaanza kazi, na humo kwenye kazi hofu yake ikayeyuka. Udongo uliokuwa mgumu kama sakafu ulipasuka mistari, ukapinduka, ukatoa ile harufu yake ya ndani. Watoto walifuata nyuma na ndoo wakiokota kokoto na kuzipigia kelele kila moja, kana kwamba kila kokoto ilikuwa ile iliyowahi kumchubua mmoja wao. Mwalimu alisimama kwenye ngazi, mikono kiunoni, akijizuia kutabasamu na kushindwa. Uwanja ulipokuwa umelainika kama unga, Fundi akafungua Kichana na kumfunga Mpanzi.

Hapo ndipo alipouona mkoba.

Aliutazama kitambo. Akautazama wenzo uliokandamizwa mpaka chini. Akainua kifuniko cha beseni. Ndani beseni lilikuwa safi, linang'aa. Akainama kutazama chini, kwenye sahani. Hapo alisimama kuku mmoja mwekundu, aliyedandia njiani bila nauli, akidonoa punje ya mwisho. Alimtazama Fundi kama mtu aliyekatizwa mlo, akaimeza.

"Dada," Fundi alisema polepole. "Mkoba wako una nini?"

Dada alikuja, akaona, akaelewa. Akajishika kichwa, kilemba kikaanguka. "Mungu wangu! Kumbe wale watu hawakuwa wakitubariki!"

Fundi alitamani kuingia chini ya trekta asitoke tena. Lakini alijua kwamba mtu aliyeanza kwa kuomba hawezi kumalizia kwa uongo. Akavua kofia, akaenda mpaka kwenye ngazi.

"Mwalimu, mbegu zimekwisha."

"Zimekwisha? Hujapanda hata kidogo."

"Nimepanda."

"Umepanda wapi?"

"Njiani."

"Njia gani, Fundi?"

"Yote."

Mwalimu alifunga mdomo kwa mkono wenye chaki. Mabega yake yakaanza kutikisika. Kisha kile kicheko chake kikatoka, akaketi kwenye ngazi, akacheka mpaka watoto nao wakacheka bila kujua sababu, mpaka Dada aliyekuwa analia akajikuta anacheka huku analia. Fundi peke yake ndiye ambaye hakucheka.

"Na nyingine hazipatikani mpaka msimu ujao," alisema.

Mwalimu akafuta macho, uso wake wote sasa mistari ya chaki. "Pole, Fundi. Pole sana. Lakini nilisema nyasi, na watoto hawa walisikia. Nikiwavunjia neno leo, kesho nitawafundisha nini?"

"Ni haki yako."

Akarudi nyumbani kwa njia ya nyuma, ile ya bondeni, ili asionane na kinyozi. Mvua ikawakuta katikati, kubwa, ile aliyoiombea Dada, ikawalowesha wote wawili na vyuma vyote. Alipofika karakana alimfunika Mpanzi kwa turubai, akachukua nondo, akaanza kutengeneza geti.

Alitengeneza mageti siku nyingi. Majirani walipita, wakamwona fundi wa matela akitengeneza vitu visivyokwenda popote, wakaacha hata kumtania. Mvua ilinyesha, jua likatoka, mvua ikanyesha tena. Dada alifunga na kuomba, na mkoba wake aliuweka mvunguni mwa kitanda kama mfungwa.

"Fundi!" Kinyozi alimwita siku moja kutoka barabarani. "Mlangoni kwangu kumeota nyasi, wateja hawataki kukaa ndani tena!"

"Nenda zako, ndugu. Nimechekwa vya kutosha."

"Nakwambia kweli! Njoo uone!"

Hakwenda. Hakutaka kuiona njia ile. Aliinama kwenye geti lake, akavaa miwani ya kuchomelea ili asione mtu.

Ndipo, asubuhi moja yenye jua safi, alisikia sauti za watoto. Akainua miwani. Kwenye kona ya mtaa walikuwa wakitokea wanafunzi wa shule ya upande wa pili wa mji, wameshikana mikono wawili wawili, wakiimba, na mbele yao Mwalimu, viatu mkononi, akitembea peku. Alikuwa akitembea juu ya kitu. Fundi akatoka nje ya karakana, akatazama chini, akaona. Kando ya barabara, huku na huku, kuanzia pale pale ambapo trekta lake hulala, palikuwa na utepe wa kijani kibichi, laini kama zulia jipya. Kuku walikuwa wamekula walivyoweza, lakini kuku hawamalizi kilichopandwa kwa mkono wa Mungu.

"Tumefuata nyasi," Mwalimu alisema alipofika. "Zinaanzia langoni kwangu. Sikuwa na haja ya kuuliza unakaa wapi."

Fundi akavua miwani. Akaivaa, akaivua tena.

"Nina swali," Mwalimu akaendelea. "Pale kwenye tangi la maji, nyasi zinazunguka tangi. Zinazunguka, na zinazunguka, na zinazunguka tena. Watoto wamekimbia juu yake mpaka wakapata kizunguzungu. Ulikuwa unatafuta nini pale?"

Fundi akaitazama kofia yake. "Ujasiri, Mwalimu."

"Aliniambia anapasha moto injini!" Dada alipaza sauti, maana alikuwa ameshatokea, kama anavyotokea siku zote panapokuwa na jambo.

Mwalimu hakucheka mara hii. Alimtazama Fundi namna ambayo hakuwa amemtazama bado. Kisha akapiga makofi, akarudi kuwa mwalimu. "Haya! Tumekuja kuchukua mali yetu. Uwanja ulishalimwa, unangoja. Watoto, vijiko juu!"

Vijiko vikainuka, na vikombe, na vifuniko vya sufuria. Na ile njia yote ikageuka shamba. Watoto walichimbua vipande vya nyasi pamoja na mizizi na udongo wake, wakavipanga kwenye tela kama mikate. Kinyozi alitoa vya mlangoni kwake, akibakiza kidogo kwa ajili ya wateja. Mama muuza chai alileta vyake kwenye sinia. "Nilikuwa nakwambia unamwaga, baba," alimwambia Fundi, "wewe unanipungia!" Kwenye tangi walichimba kwa furaha kuliko popote, ila Mwalimu akawazuia wasimalize. "Duara moja mliache," alisema, wala hakueleza kwa nini.

Vipande vikapandikizwa uwanjani kimoja kimoja. Kisha Fundi akamjaza Mama Mnene maji, akampitisha juu yavyo taratibu, naye akiguna nyuma, mpaka kila mzizi ukalala kifuani mwa udongo. Nyasi zikashika. Zikatambaa, zikashikana mikono, zikafunga uwanja.

Siku ya kufungua uwanja watoto walipewa ruhusa. Wakakimbia. Watu wazima wakasimama pembeni, Fundi akiwa hapumui, maana kila mtu pale, mpaka kinyozi, alijua nini kinangojewa. Na yule yule wa goti lililochubuka akakimbia, akageuka kumcheka mwenzake, akajikwaa, akaenda mzima mzima. Mtoto akalala pale kifudifudi. Kisha akainua uso, umejaa majani puani, akaangua kicheko. Dakika hiyo hiyo shule nzima ikaanza kuanguka kwa makusudi, huku na kule, kama maembe yaliyotikiswa.

"Mwalimu!" mmoja akapiga kelele kutoka chini. "Jibu!"

"Jibu! Jibu!" wakaitikia wote.

Mwalimu alikung'uta chaki mikononi, akavuka uwanja, akampita Fundi, akaenda moja kwa moja kwenye trekta. Akapanda kiti cha dereva. Akashika usukani.

"Ndiyo, Fundi," akasema. "Ndiyo, kabla sijasahau. Sasa panda kule nyuma, kwenye kiti cha plastiki."

"Mimi? Nyuma?"

"Nasikia watu wanauliza kila siku nani atakuvuta wewe."

Shangwe zilizopigwa ziliwatoa njiwa juu ya paa. Fundi akapanda kwenye tela, Dada akajibana kando yake, mkoba ameukumbatia mapajani kwa mikono yote miwili, akimshukuru Mungu kwa sauti ya kuzidi injini. Mwalimu hakuwa amewahi kuendesha kitu. Trekta likaruka mara ya kwanza, likaruka tena, kisha likatoka langoni, watoto nyuma, kuku nyuma ya watoto, wakitumaini.

Walipofika kwenye tangi la maji, badala ya kukata kushoto kuelekea karakana, Mwalimu akafuata lile duara la kijani. Akalizunguka tangi. Akalizunguka tena.

"Mke wangu mtarajiwa," Fundi alipaza sauti kutoka nyuma, akishikilia kiti, akicheka mpaka machozi, "mbona tunazunguka?"

Mwalimu hakugeuka, lakini mabega yake yalikuwa yakitikisika.

"Napasha moto injini!"